Kigoma kwa msafiri apendaye maji, milima na mji wa kutazamika: tathmini ya siku sita

Wasafiri wengi wa ndani wanaoniomba ushauri kuhusu mahali pa kupumzika huwa wamekwisha kuchagua kati ya Arusha na Zanzibar kabla hawajafungua kinywa, na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Mimi ni mkazi wa Tabora, nimefika kote kuwili, na sina ugomvi na mlima wala na bahari. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka misitu, maji na mji wenye mandhari ndani ya safari moja, bila kumaliza likizo yake garini kati ya hoteli na hifadhi, jibu langu ni Kigoma. Mwishoni mwa Agosti nilikwenda huko pamoja na mke wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka 13, tukakaa siku sita. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya tuliyoyaona na tuliyoyalipia, pamoja na mambo mawili matatu ambayo ningeyapanga vingine.

Nianze na njia, kwa sababu kwa safari hii njia nayo ni mapumziko. Watanzania wamezoea kuitaja Kigoma kwa sifa moja, mwisho wa reli, na sifa hiyo ina historia yake: ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ukafika kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Kutoka kwetu ni karibu kilomita 400. Tulikata tiketi za daraja la pili kulala, tukaondoka usiku, na kwa saa nyingi hapakuwa na cha kutazama dirishani isipokuwa giza la miombo na vituo vidogo vilivyotokea na kutoweka. Kulipopambazuka nchi ilikuwa imebadilika sura. Tambarare za Kaliua zilikuwa zimebaki nyuma, na baada ya Uvinza, mahali ambapo watu wamechemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, reli ilianza kupinda kati ya vilima vyenye michikichi. Kisha ziwa likatokea ghafla, na behewa zima lililokuwa likipiga gumzo likanyamaza. Aliye na haraka anaweza kuruka kwa ndege, na mabasi yapo. Lakini anayeruka juu ya nchi hii hukosa kuona jinsi inavyojiandaa kukuonyesha maji, na mimi namhurumia.

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani lililosimama karibu kabisa na bandari, na kutoka hapo Barabara ya Lumumba inapanda chini ya miembe mikubwa kuelekea Mwanga, kwenye soko na pilikapilika za mji. Uzuri wa Kigoma ni wa umbo lake zaidi kuliko wa majengo yake. Mji umepanda vilima vya udongo mwekundu, nyumba zikifuata miteremko, na karibu kila njia inayoshuka inaishia kwenye maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina. Kwa mtu aliyelelewa Tabora, ambako maji yamekuwa kitu cha kuhesabiwa kwa ndoo, tarakimu hizo hazisemi lolote mpaka asimame juu ya kilima jioni na kuona kwamba upande wa pili, chini ya jua linalozama, ile mistari ya buluu iliyofifia ni milima ya Kongo. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba huifunika milima hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, lakini moshi huo huo hulifanya jua kuwa jekundu kama kaa la moto, kwa hiyo msafiri hana la kulalamikia.

Ukinilazimisha kutaja jambo moja tu ambalo linatosha kumtoa mtu nyumbani kwake, nitataja taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa na mwanga, nao wavuvi huingia ziwani machweo, wakawasha taa, wakasubiri samaki wakusanyike chini yake kabla ya kuinua wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ambazo wazee wanasema zilisikika zikivuma mpaka ufukweni. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Jioni yetu ya pili tulikaa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa hapa Kigoma, tukitazama mitumbwi ikisukumwa majini, na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akamwambia mke wangu, "Mama, msiondoke mapema, mwezi leo haupo. Subirini muone mji wa pili." Tulisubiri. Kufikia saa mbili usiku ziwa lilikuwa limejaa nuru kutoka kaskazini hadi kusini, mamia ya taa zilizotulia juu ya weusi mtupu, kiasi kwamba mgeni asiyejua angeapa kwamba ng'ambo kuna jiji kubwa kuliko Dar es Salaam. Binti yetu alijaribu kupiga picha, akashindwa, akaiweka simu mfukoni. Hakuna kiingilio, hakuna mwongozaji wala tiketi, na nimewahi kulipa fedha nyingi kwa mambo madogo kuliko hili.

Hapa ndipo upangaji wa tarehe unapokuwa muhimu kuliko uchaguzi wa hoteli. Wavuvi wa taa hawaingii ziwani wakati mwezi ni mkubwa, kwa kuwa mwanga wa taa zao hushindwa kuwavuta dagaa, na hivyo anayefika katika siku za mbalamwezi ataliona ziwa zuri lenye giza. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na utaratibu huo ukarudiwa mwaka uliofuata. Ukichanganya hilo na ukweli kwamba miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo bora kwa kutembea msituni, utaona kwamba muda mzuri wa kupata vyote viwili ni mfupi: wiki za mwisho za Agosti na Septemba yote, katika siku za mwezi mwandamo. Tulifika wakati huo kwa bahati, wala sidai sifa yoyote.

Kuhusu malazi nitasema wazi kwamba hapa Kigoma inapoteza alama. Kuna hoteli chache nzuri juu ya miamba inayotazama ziwa, na bei yake inalingana na mandhari. Chini ya hapo unashuka moja kwa moja hadi kwenye nyumba za kawaida za kulala wageni, na katikati pana pengo. Usiku wa kwanza tulilala katika gesti moja ambayo sitaitaja, ambako tuliahidiwa maji ya moto na chumba kinachotazama ziwa. Maji ya moto yaliletwa kwa ndoo, jambo ambalo kwa mtu wa Tabora si tusi. Lakini dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na nilipouliza, kijana wa mapokezi alinieleza kwa adabu kubwa kwamba ziwa lipo nyuma ya ukuta huo. Tulihama asubuhi. Ushauri wangu ni kwamba usilipie siku zote kwa mkupuo kabla ya kukiona chumba, na kwamba ukipata sehemu yenye baraza linalotazama magharibi, usibishane sana kuhusu bei.

Chakula, kwa upande mwingine, hakikutuangusha hata mara moja. Mgebuka wa kukaangwa, dagaa wabichi waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo uliosongwa ukakubali: hivyo tulikula karibu kila siku, na mke wangu, ambaye huwa hapendi mawese, alirudi na chupa mbili. Kuhe naye ni samaki wa kuulizia, ingawa hapatikani kila siku.

Nusu siku inatosha kwa Ujiji, ambao ni sehemu ya manispaa hiyo hiyo na unafikika kwa daladala au bajaji. Kila mtu huenda kuona mnara wa mahali ambapo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikutana na mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa ni vichipukizi vya mwembe ule. Makumbusho ni madogo, mhifadhi aliyetutembeza alikuwa na maarifa na subira, na kwa mtoto wa shule ni somo zuri. Kwangu lilikuwa na ladha ya ziada, kwa kuwa wazungu hao wawili walitoka Ujiji wakaja kwetu Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872 ni mahali tulipokuwa tukipelekwa kwa ziara tangu darasa la nne. Lakini nina malalamiko ya kimsingi: Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa misafara ya pembe na watumwa kabla ya Stanley kuingia katika hadithi hii, wapelelezi Richard Burton na John Speke waliukuta ukiwa soko mwaka 1858, na bado mgeni huondoka akidhani kwamba mji huu ulianza pale wageni wawili walipopeana mikono. Kwa hiyo usiishie kwenye mnara. Utashangaa, kwa mfano, kwamba mwembe uko mbali na maji wakati masimulizi yanazungumzia ufukwe. Sababu ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1870 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulifungua njia na kuyatoa maji ya ziwa, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Teremka mpaka ufukweni, ambako mafundi bado wanachonga mitumbwi na kuunda maboti ya mbao, kisha urudi kwa miguu kupitia mitaa ya nyumba za kiswahili zenye baraza. Tulikaribishwa kahawa katika baraza moja na wazee waliotaka kujua bei ya asali ya Tabora, na saa nzima ikapita.

Bandarini Kigoma waulize pia kuhusu MV Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli ile ile tuliyopanda sisi, ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta bado inafaa. Ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka ya karibuni imekuwa nje ya safari kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo usijenge likizo yako juu yake.

Sasa Gombe. Hifadhi hii ya sokwe mtu iko kaskazini mwa mji, ukanda mwembamba wa mabonde yenye mteremko mkali uliobanwa kati ya ziwa na ukingo wa Bonde la Ufa, na hakuna gari linaloingia: unakwenda kwa boti. Unaweza kupanda boti za abiria kutoka Kibirizi, zinazobeba watu, magunia, kuku na magodoro kuelekea vijiji vya kaskazini, au ukakodi boti yako. Tulikodi, na hapo nilifanya kosa la kukubaliana bei kwa maneno matupu na mtu niliyemkuta ufukweni. Wakati wa kurudi bei ilikuwa imekua, kwa hoja kwamba mawimbi yalikuwa makubwa. Panga safari kupitia ofisi za hifadhi au hoteli yako, bei iandikwe, na kabla ya kuondoka hesabu makoti ya kujiokolea mmoja mmoja, kwani Tanganyika likichafuka mchana halina mzaha.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni langu peke yangu. Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwafuata sokwe mtu ndani ya Gombe. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi, mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua, na njia zenyewe si za kitoto. Kanuni ni ya haki, ila mimi sikuisoma mpaka nilipoelezwa na mhudumu wa hifadhi. Mke wangu alijitolea kubaki na binti yetu ufukweni, akaniambia, "Baba, nenda, utatusimulia," kwa sauti ambayo mume yeyote anaielewa. Nasikitika kuripoti kwamba wao pia walipata siku nzuri. Maji ya pale ni safi kiasi kwamba unawaona samaki wadogo wa rangi rangi wakizunguka mawe, na wengi wa aina hizo hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hili, na nyani wa ufukweni waliwaburudisha kwa kujaribu kufungua mlango wa jiko. Chakula kisiachwe nje hapo, hata kwa dakika moja.

Sisi wengine tulipanda na mwongozaji, tukaambiwa tuvae barakoa, tukae mbali kwa mita zisizopungua kumi, na kwamba saa moja tu ndiyo tunayoruhusiwa kuwa nao. Tulipanda kwa karibu saa mbili katika mteremko uliosahau kwamba kuna watu wenye umri wangu. Kijana wa hifadhi alikuwa akinigeukia kila baada ya hatua ishirini na kuuliza, "Mzee, uko sawa?", swali ambalo lilinisaidia kwa sababu kujibu kulinipa nafasi ya kupumua. Kisha tukasikia makelele upande wa juu, sauti inayoanza kama mhemo na kuishia kama ugomvi wa ukoo, na kundi likashuka na kutupita kana kwamba sisi ni vichaka. Mmoja aliketi karibu na kichuguu, akachuma kijiti, akakisafisha majani, akakichomeka kwenye tundu na kuvua mchwa. Ni jambo lile lile ambalo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza aliyefika hapa tarehe 14 Julai 1960, aliliona mwaka huo huo na kuulazimisha ulimwengu wa sayansi uache kusema kwamba binadamu pekee ndiye anayetengeneza zana. Mama huyo amefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91; kazi aliyoianza katika mabonde haya haijakatika tangu mwaka ule wa 1960. Wakati wa kushuka tulipitia maporomoko ya bonde la Kakombe, ambako maji yanaanguka ndani ya ufa wa mwamba wenye ubaridi wa mtungi. Kwa Mtanzania kiingilio hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni kutoka nje, na kwa hilo hatuna kisingizio cha kutokwenda.

Wengi wataniuliza kuhusu Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyo kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Ni kubwa kuliko Gombe mara nyingi, kilele chake cha Nkungwe kinafika mita 2,462, na watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wake tangu miaka ya 1960. Nilifika huko miaka mingi iliyopita kikazi, na kwa uzuri wa milima inayotumbukia ziwani sioni cha kuishinda nchini. Lakini ukihesabu boti au ndege, malazi na siku zinazohitajika, Mahale ni safari yake yenyewe, na anayejaribu kuibandika mwishoni mwa siku tatu za Kigoma atavuna uchovu na deni. Kama una siku sita, kaa Gombe usiku mmoja au miwili na uiache Mahale kwa mwaka mwingine.

Siku ya tano tuliitumia kwenye fukwe zilizopita Katonga, ule wa Jakobsen ukiwa maarufu zaidi, na sina mengi ya kusema kwa sababu hatukufanya mengi: mchanga, kivuli, maji yasiyo na chumvi, watu wachache. Uogelee penye mchanga au mawe, mbali na matete, na uwaulize wenyeji kwanza.

Siku ya mwisho ni ya dagaa. Karibu kila abiria anayepanda treni ya kurudi Tabora ana mfuko wake, na kwa heshima ya wenzako wa chumba ni vema ukafungwa mara mbili. Nenda Kibirizi asubuhi, upite kwenye meza zaidi ya moja kabla ya kutoa fedha, utafute wale wanaong'aa kama fedha, wasiokatika vichwa, waliokaushwa juu ya vichanja badala ya chini. Omba mmoja wa kuonja, hakuna atakayekukatalia. Ukitafuna na meno yakakutana na mchanga, mshukuru mama muuzaji na usogee meza inayofuata.